Michael Faraday: Mwana wa mhunzi aliyeigeuza dhahabu kuwa nyekundu

JINA la Michael Faraday linapotajwa darasani, wanafunzi wetu hukumbuka umeme: sumaku inasukumwa ndani ya koili ya waya na mshale wa mita unaruka. Ndivyo mitaala ilivyomhifadhi, na si vibaya, maadamu jenereta zinazozungushwa na maji ya Mto Tana na mvuke wa Olkaria zinatumia kanuni aliyoifichua mwaka 1831. Hata hivyo, ipo kazi nyingine ya Mwingereza huyu, kazi ya uzeeni, ambayo yeye mwenyewe aliidunisha lakini leo inahesabiwa kuwa chimbuko la sayansi ya chembechembe ndogo mno za metali. Kwa kuwa kazi hiyo haieleweki bila kumwelewa mtu mwenyewe, ni heri tuanzie alikotoka.

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791 katika eneo la Newington, kusini mwa London. Babake, James, alikuwa mhunzi aliyehama kutoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta riziki, lakini afya yake ilikuwa dhaifu, na nyundo ya mhunzi hainyanyuliwi na mgonjwa. Mwaka 1801, bei ya nafaka ilipopanda, inasimuliwa kwamba Michael alikuwa akipewa mkate mmoja uwe chakula chake cha wiki nzima. Elimu ya shule aliionja tu: kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Upungufu wa hisabati ulimfuata maisha yake yote. Wenzake walipojaza kurasa kwa milinganyo, yeye alifikiri kwa macho na kwa vidole.

Familia hiyo ilikuwa ya dhehebu dogo la Kikristo la Wasandemania, ambalo liliwakataza waumini wake kulimbikiza mali na kukimbilia ukubwa. Msomaji ayaweke hayo akilini, kwani bila imani hiyo hataelewa kwa nini mtu aliyesifiwa na Ulaya nzima alikataa kuitwa Sir.

Akiwa na umri wa miaka 13, mwaka 1804, aliajiriwa kupeleka magazeti na vitabu kwa wateja wa George Riebau, muuzaji vitabu wa mtaa wa Blandford. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake wa kujalidi vitabu kwa muda wa miaka saba. Wanagenzi wengine walijalidi. Huyu alijalidi na kusoma. Makala ya umeme katika ensaiklopidia ya Britannica na kitabu cha kemia cha Bi Jane Marcet ndivyo vilivyomtia kichaa cha sayansi. Riebau, kwa ukarimu ambao historia imeulipa kwa kulihifadhi jina lake, alimruhusu kufanya majaribio nyuma ya duka.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka hilo alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa taasisi ya Royal Institution iliyoko mtaa wa Albemarle. Kijana aliandika kila alichosikia, akachora vifaa alivyoviona, akayajalidi maandishi hayo kwa mikono yake na kumpelekea Davy. Machi 1, 1813, baada ya msaidizi wa maabara kufutwa kazi kwa kupigana, Faraday aliajiriwa mahali pake kwa shilingi 25 kwa wiki na makazi ya vyumba viwili orofani. Jengo hilo likawa kazi yake na nyumba yake kwa takriban nusu karne.

Davy alimchukua katika ziara ya Ulaya kuanzia Oktoba 1813 hadi Aprili 1815. Huko Ufaransa na Italia alikutana na Ampère na Volta, lakini pia alilazimika kutekeleza kazi za mtumishi, na mkewe Davy hakumwacha asahau kwamba alikuwa mtoto wa mhunzi. Aliyavumilia. Juni 12, 1821 alimwoa Sarah Barnard, wa dhehebu lake, hawakujaliwa watoto.

Yaliyofuata yamo katika kila kitabu cha fizikia, nami nitayapitia kwa haraka. Mwaka huo huo wa 1821 alifanya waya wenye umeme uizunguke sumaku, msingi wa mota. Mwaka 1825 alitenga benzini. Agosti 29, 1831 alipata mkondo wa umeme kutokana na badiliko la usumaku. Miaka ya 1833 na 1834 alitunga kanuni za elektrolisisi, na kwa kushauriana na msomi William Whewell wa Cambridge akauachia ulimwengu maneno ambayo hata Kiswahili kimeyapokea: elektrodi, anodi, kathodi, ioni. Sisi tunaoishi kwa kupima maneno hatuna budi kumheshimu mtu aliyejua kwamba kitu kipya kikikosa jina zuri hupotea.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830 afya yake ilitikisika. Kizunguzungu, maumivu ya kichwa, na zaidi ya yote, kumbukumbu iliyovuja. Alilalamika kwamba alisahau aliyoyafanya majuma machache tu yaliyopita. Silaha yake ikawa daftari: kila jaribio aliliandika katika aya yenye nambari, ili kesho ajue jana alifikia wapi. Kwa msaada wa daftari hilo aliweza mwaka 1845 kuonyesha kwamba sumaku hugeuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga unaopita katika kioo. Tangu hapo wazo moja likamkaa moyoni: mwanga na maada vina mazungumzo ya siri, na anayetaka kuyasikia sharti atafute kitu kidogo kuliko wimbi la mwanga lenyewe.

Kitu hicho alikitafuta katika dhahabu. Mapema Februari 1856, akiwa na umri wa miaka 64, alianza kazi iliyomchukua karibu mwaka mzima. Sababu ya kuchagua dhahabu ilikuwa ya kifundi. Mafundi wa London waliweza kuipondaponda hadi iwe utando wenye unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, mwembamba kuliko wimbi la mwanga, na bado ikabaki dhahabu. Utando huo ukiutazama kwa juu unameta manjano. Ukiuinua dhidi ya dirisha, mwanga unaopenya ni wa kijani. Faraday aliukonda zaidi kwa kemikali na kuupasha moto juu ya kioo, akaona ukijani ukitoweka. Alipoukandamiza, ukijani ulirudi. Alilipua nyaya za dhahabu kwa umeme akakusanya vumbi lake, nalo lilikuwa na rangi tofauti tofauti: urujuani, kijani, wekundu wa yakuti.

Jambo kubwa lilimjia kupitia maji ya kuoshea vyombo. Mojawapo ya njia zake za kutengeneza tando nyembamba ilikuwa kuacha fosforasi itende juu ya uso wa maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya dhahabu. Alipozisuuza tando hizo, maji yaliyobaki yalikuwa mekundu. Mtu mwingine angeyamwaga. Yeye aliyaweka kando, akayachunguza, kisha akatafuta njia ya kuyatengeneza makusudi: maji yenye dhahabu kidogo sana, na chini yake fosforasi iliyoyeyushwa katika kaboni daisulfidi, kiowevu kisichochanganyika na maji. Tabaka mbili, kama mafuta na maji katika sufuria moja. Fosforasi ilipokutana na dhahabu, maji yalianza kugeuka taratibu, hadi yakawa mekundu kama divai. Alisisitiza kwamba chupa lazima ziwe safi kupita kiasi, kwa kuwa uchafu kidogo uliharibu kila kitu.

Je, wekundu ule ulikuwa nini? Swali hilo halikuwa dogo. Vioo vyekundu vya dhahabu vilijulikana tangu zamani, na wanakemia walibishana kama rangi hiyo ilitokana na mchanganyiko fulani wa kikemia au na metali yenyewe. Kwa macho, na hata kwa darubini, maji ya Faraday yalionekana angavu, bila chembe yoyote. Alichukua lenzi, akaelekeza miale ya jua ipite ndani ya chupa kama pia. Njia ya mwanga ikajitokeza waziwazi ndani ya kiowevu, jinsi miale inayopenya kwenye tundu la paa inavyoonyesha vumbi la chumbani. Maji matupu hayafanyi hivyo. Kwa hiyo chembe zilikuwamo, ingawa hakuna jicho lililoweza kuiona hata moja. Akahitimisha kwamba ni dhahabu tupu, iliyogawanyika mno, na kwamba tofauti ya ukubwa wa chembe peke yake inatosha kuleta tofauti ya rangi.

Kisha akatia chumvi ya kawaida, na wekundu ukageuka urujuani, ukawa buluu, na baadaye dhahabu ikatuama chini. Chembe zilikuwa zimeungana. Lakini maji hayo yalipotiwa jeli kwanza, chumvi ilikosa nguvu. Wekundu ulidumu. Kitu fulani katika jeli kiliziganda chembe, kikazivika vazi, zikaacha kukimbiliana. Faraday aliona matokeo ya vazi hilo, akayaandika, ila vazi lenyewe hakuwa na njia ya kulichunguza. Nani angeweza kutazama nguo ya kiumbe asichoweza kukiona?

Februari 5, 1857 aliwasilisha kazi hiyo mbele ya Royal Society, katika mhadhara wa heshima uitwao Bakerian. Hakuwa na furaha kubwa. Alikuwa amemwambia rafiki yake Christian Schönbein, mwanakemia wa Basel, kwamba alijishughulisha na dhahabu kwa sababu hakuhisi kichwa chake kina nguvu za mambo mazito, na kwamba jasho lilikuwa jingi kuliko mavuno. Alikuwa ametarajia chembe zimfunulie siri ya mwanga ni nini. Zilimpa maji mekundu. Wenzake nao hawakuichangamkia. Hadi mwisho wa karne hiyo wachache mno waliiendeleza, na Richard Zsigmondy, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925 kwa utafiti wa viowevu vya aina hiyo, alianza kazi yake bila kujua kwamba Faraday alikuwa amepita njia ile ile.

Kinachonishangaza mimi ni kilichotukia katika jengo hilo hilo miaka miwili baada ya mhadhara. Mwaka 1859 John Tyndall, mwenzake Faraday katika Royal Institution, alianza kupima jinsi gesi zinavyofyonza miale ya joto isiyoonekana. Hiyo ndiyo miale ya infraredi, ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kuweka kipimajoto nje ya ukingo mwekundu wa mwanga wa jua, wakati Faraday akiwa mtoto wa miaka minane. Tyndall alithibitisha kwamba mvuke wa maji na kaboni dioksidi huifyonza kwa nguvu, ilhali oksijeni na naitrojeni huiacha ipite. Kwa hiyo chini ya paa moja, mzee alikuwa na chembe zilizovaa vazi lisilojulikana, na kijana alikuwa na miale inayotambua molekuli. Hawakuwa na sababu ya kuviunganisha. Ilichukua zaidi ya karne moja.

Muungano huo ulipokuja ulitumia mbinu inayofanana sana na ya Faraday. Mwaka 1994 Mathias Brust na wenzake katika Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha njia ya kutengeneza chembe za dhahabu kwa tabaka mbili za viowevu visivyochanganyika. Waliivusha dhahabu kutoka majini hadi kwenye tolueni kwa kutumia safaktanti, yaani dutu ya jamii ya sabuni: molekuli ambayo upande mmoja hupenda maji na upande wa pili hupenda mafuta, ndiyo maana sabuni hung'oa mafuta kwenye sahani. Kisha waliongeza molekuli yenye mkia mrefu wa kaboni na kichwa cha salfa. Salfa hushikamana na dhahabu, mikia ikabaki nje kama miiba ya nungunungu. Chembe hizo, zenye upana wa nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni ya milimita, ziliweza kukaushwa ziwe unga na kuyeyushwa tena bila kugandana.

Hapo ndipo miale ya Tyndall inapoingia. Molekuli si gumegume. Atomi zake hutikisika kama mizigo iliyofungwa kwa springi. Kaboni na hidrojeni zilizoshikana hutikisika takriban mara trilioni 87 kwa sekunde, na miale ya infraredi yenye mdundo huo huo ikipita, molekuli huifyonza. Anayepima mwanga uliotoka upande wa pili huona pengo, na pengo hilo ni kama alama ya kidole. Mashine huandika mahali pa pengo kwa kuhesabu mawimbi yaliyomo katika sentimita moja.

Mikia ya kaboni iliyonyooka na kujipanga vyema huacha mapengo karibu na 2,918 na 2,850. Ikiwa imejikunja ovyo, mapengo husogea juu kwa vipimo vichache, kufikia takriban 2,925 na 2,855. Tofauti hiyo ndogo humwambia mtafiti kama vazi la chembe limebana au limelegea. Tena, kichwa cha salfa kabla ya kushika dhahabu huwa kimeshika hidrojeni, na kifungo hicho hufyonza karibu na 2,570. Pengo hilo likitoweka, ni ushahidi kwamba salfa imeiacha hidrojeni. Mnamo 1996 kikundi cha Royce Murray cha North Carolina nchini Marekani kilichapisha uchunguzi wa namna hii juu ya chembe za dhahabu zilizovikwa mikia ya urefu mbalimbali, na mbinu hiyo ingali chombo cha kawaida maabarani.

Ina usumbufu wake. Maji yenyewe hufyonza infraredi kwa ulafi, kwa hivyo tone la chembe mara nyingi hukaushwa kwanza juu ya fuwele ya kupimia. Na safaktanti iliyozidi, ambayo haikushika chembe yoyote, hutoa alama karibu sawa na iliyoshika; asiyeosha sampuli yake vizuri hupima sabuni akidhani anapima vazi. Faraday, aliyegombana na chupa chafu mwaka mzima, angelielewa tatizo hilo mara moja.

Isidhaniwe haya ni mambo ya maabara za ng'ambo pekee. Katika zahanati za Kisumu, Busia au Kilifi, mgonjwa wa homa hutolewa tone la damu na kuwekewa kwenye kijibao cha kupimia malaria. Mstari mwekundu unaojitokeza katika vipimo vingi vya aina hiyo ni chembe za dhahabu zilizovikwa protini inayokitambua kimelea. Wekundu huo ndio ule wa chupa za mtaa wa Albemarle, na vazi la protini linafanya kazi iliyofanywa na jeli: kuziweka chembe mbali na kuganda hadi wakati wake. Vazi likiwa bovu, mstari hauaminiki, na mgonjwa ndiye mlipaji.

Faraday mwenyewe alipewa na Malkia Victoria nyumba ya kuishi karibu na kasri la Hampton Court mwaka 1858, kwa ombi la Mwanamfalme Albert. Alikataa cheo cha Sir, na alikataa kuwa rais wa Royal Society. Mihadhara ya Krismasi kwa watoto, ambayo ilianzishwa mwaka 1825, aliipenda kuliko karamu za wakubwa, na ya mwisho aliitoa msimu wa 1860 na 1861, akieleza kemia nzima kwa mshumaa mmoja.

Machi 12, 1862 aliandika aya ya mwisho katika daftari lake la majaribio, nambari 16,041. Alikuwa akijaribu kuona kama sumaku inaweza kubadili rangi za mwanga unaotoka kwenye mwali. Hakuona badiliko lolote, kwa kuwa vifaa vyake havikuwa na makali ya kutosha. Mwaka 1896 Mholanzi Pieter Zeeman aliliona, naye akapewa Nobel.

Miaka iliyobaki kumbukumbu ilizidi kumtoka, na Sarah akawa ndiye daftari lake. Alifariki Agosti 25, 1867 akiwa ameketi kitini. Hakutaka maziko ya kifahari. Alizikwa Highgate, kaskazini mwa London, katika sehemu ya wale wasio wa kanisa rasmi la Uingereza. Chupa kadhaa za maji yake mekundu zimehifadhiwa katika Royal Institution, na dhahabu iliyomo haijatuama. Jiwe la kaburini lina jina lake, siku aliyozaliwa na siku aliyofariki.